Kutoka Kreti Hadi Kigoda: Mizigo Tisa ya Nchi ya Chai

Ukitaja mazoezi hapa Kericho na Bomet, utaonyeshwa barabara na kuambiwa ukimbie. Tuna sababu. Wilson Kiprugut Chuma, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, ni wa Kericho. Alileta shaba ya mita 800 kutoka Tokyo mwaka 1964 na fedha kutoka Mexico mwaka 1968, na tangu hapo kila mtoto mwembamba anatazamwa kama bingwa wa kesho. Lakini wengi wetu hatukimbii. Tunabeba. Tunabeba tukipanda mlima, tunabeba tukishuka bondeni, tope limefika kwenye kifundo cha mguu na mvua ya mawe inatwanga kofia. Nguvu za kubeba tunazihitaji kila siku ya Mungu, na karibu hakuna aliyewahi kuketi nasi akatufundisha jinsi ya kuzijenga.

Basi nimechagua mizigo tisa ya nchi hii ya chai, kila mmoja na somo lake la kunyanyua vyuma. Nahesabu kurudi nyuma, kutoka somo dogo hadi kubwa. Nimepanga kwa ukubwa wa somo, kwa hiyo mtu asinipigie kelele akiona gunia la mbolea limeshindwa na kigoda. Limeshindwa kihalali.

9. Kreti ya soda

Harusi ina kreti, matanga yana kreti, harambee ina kreti, na siku zote anayetumwa kuishusha ni yule aliyevaa shati jeupe. Anaibeba kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili, ili asichafuke. Shati linapona, kiuno kinalia.

Kitu kikiwa karibu na kitovu ni chepesi kuliko kitu hichohicho kikiwa mbali nacho. Bana kreti tumboni, viwiko karibu na mbavu, uende. Shati litafuliwa kesho.

8. Mzigo wa kuni

Hapa neno langu ni fupi: gawanya. Safari mbili za kilo 20 ni afadhali kuliko moja ya kilo 40 inayokulaza siku tatu. Najua jirani anatazama, na najua kuna mashindano ya kimyakimya ya nani alirudi na mzigo mkubwa kutoka msituni. Mwache ashinde. Shingo haina spea madukani, hata Nairobi.

7. Mtoto mgongoni

Mtoto huzaliwa na kilo 3 hivi. Akifikisha mwaka anakaribia 9, na akitimiza miaka miwili yuko kwenye 12. Mama anayembeba kwa leso kila siku haamki asubuhi moja akakuta uzito umeruka. Unapanda gramu kwa gramu, na miguu yake na mgongo wake vinapanda nao.

Wagiriki wana mtu wao, Milo wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, anayesimuliwa kwamba alibeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Sawa, tumempigia makofi. Lakini ndama yule hakulia usiku kucha, wala Milo hakuwa akisonga ugali wakati huohuo.

Somo lililo kwenye leso ndilo msingi wa kazi yote ya vyuma: anza na unachoweza, ongeza kidogo, ongeza kwa mpango. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jinsi alivyowatibu askari waliotoka vitani na miguu dhaifu. Badala ya kuwalaza tu, aliwapa uzito, wakaurudia mara kadhaa, naye akaupandisha kadiri walivyopata nguvu. Zile raundi 3 za mara 10 unazozisikia kila jimu zina mizizi yake huko.

Kwa hiyo usianze na uzito wa kuwaonyesha watu. Chagua unaoweza kuurudia mara 10 na ukimaliza uhisi kwamba mbili au tatu zaidi zingewezekana. Ukifika siku unaurudia mara 12 bila kukunja uso, ongeza kilo moja au mbili, urudi kwenye 8. Baada ya miezi sita utatazama nyuma ulikoanzia na kushangaa.

Na wewe mama uliyejifungua juzi, mtu asikuharakishe. Muuguzi akuangalie kwanza, hasa kama ulipasuliwa. Kutembea na kupumua vizuri kunatosha kwa wiki za mwanzo; mtungi utakusubiri.

6. Mtungi wa lita 20

Kuna watu wanaoniambia wangefanya mazoezi ila jimu iko mbali. Ndugu yangu, jimu iko jikoni, ina rangi ya manjano na mfuniko umepotea.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukitia lita 5 una kilo 5, ukitia 12 una 12, na ukijaza una 20 pamoja na uzito mdogo wa plastiki. Hakuna chuma cha dukani kinachopandishwa kilo moja kwa kikombe. Tena mtungi ambao haujajaa una ukorofi wake: maji yanacheza ndani, yanakuvuta kushoto ulipotaka kulia, na tumbo linalazimika kujikaza ili usimame wima. Mkono wa mtungi una ukingo unaokata vidole. Zungushia kitambaa, usiwe shujaa wa malengelenge.

Fanya mambo matano. La kwanza, kumbatia mtungi kifuani na uchuchumae polepole mpaka mapaja yakaribie kulala sawa na ardhi, kisha simama. La pili, uweke kati ya miguu, usukume makalio nyuma, ushike na kusimama nao mgongo ukiwa umenyooka. La tatu, egemeza mkono mmoja kwenye benchi, na kwa mkono mwingine vuta mtungi mpaka mbavuni, kiwiko kikitazama nyuma. La nne ni pushapu: anza kwa kusukuma ukuta, ukiweza shuka kwenye meza, ukiweza tena shuka sakafuni. La tano, chukua mitungi miwili, mmoja kila mkono, utembee hatua 30 mabega yakiwa nyuma, urudi.

Kila jambo mara 8 hadi 12, raundi 2 au 3, na kati ya raundi pumzika kwa dakika mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku mbili! Hupelekwi jeshini. Chukua Jumatano na Jumamosi asubuhi, maana mchana wa Kericho unajulikana ni wa mvua, na ikinyesha mapema ingia barazani uendelee.

Ukimaliza, maji yale yapikie chai. Hakuna kinachopotea.

5. Vyuma vya saruji

Nyuma ya kinyozi, karibu na stendi, vijana wana jimu yao: bomba la maji, na kila mwisho wake mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Napapenda mahali hapo kwa moyo wote. Kijana aliyejitengenezea vyuma mwenyewe ameshinda nusu ya vita. Sasa tuzungumzie nusu iliyobaki.

Kwanza, pimeni ile mikebe. Kituo cha kununulia majani ya chai kina mizani. Mwombeni karani kwa adabu siku isiyo na foleni. Mkikuta upande mmoja una kilo 14 na mwingine 17, mmepata jibu la kwa nini bega moja limepanda kuliko jingine.

Pili, ratiba yenu. Jumatatu kifua, Jumanne kifua, Jumatano kifua tena, Alhamisi picha ya kifua. Miguu je? Mnaivalisha suruali pana na kusema imepumzika. Msichana wa Kericho, Faith Cherotich, alileta shaba kutoka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia jijini Tokyo. Mbio hizo zina viunzi 28 na maji mara 7, na kiunzi cha wanawake kina urefu wa sentimita 76.2 na hakianguki ukikigonga. Mwambieni yeye kwamba miguu si muhimu. Na jirani yetu Julius Yego wa Nandi, aliyerusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, alijifunza mengi kwa kutazama video mtandaoni. Kwa hiyo simu mnayoshika inaweza kufundisha. Inategemea mnatazama nini.

Tatu, wasichana wanaosimama mlangoni wakichungulia. Waingie. Wanaambiwa wakinyanyua vyuma watakuwa na mabega ya dereva wa lori, na wanaamini. Homoni inayojaza misuli ya wanaume, mwanamke anayo kidogo sana. Atapata nguvu, mifupa imara na mwendo mzuri, na mabega yatabaki yake. Hellen Wawira Kariuki alilala kwenye benchi akasukuma chuma mpaka akapata shaba ya kunyanyua uzito kwa wanamichezo wenye ulemavu, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Mkenya mwenzetu. Wekeni picha yake ukutani pale, karibu na ile ya Mmarekani asiye na shati.

Nne, hili nalisema bila mchezo: mtu asilale chini ya bomba lile peke yake. Awepo wa kulidaka. Na wauza sindano za kukuza misuli wakipita, wafukuzeni kabla hawajafungua mfuko.

4. Gunia la mbolea

Lori la mbolea likifika kituoni, wanaume hugeuka. Wana miaka 50 lakini kwa nusu saa wanarudi kuwa na 20. Gunia ni kilo 50, na kila mmoja anataka lake begani kwa pigo moja, hasa kama kuna watazamaji.

Kilo 50 za gunia ni nzito kuliko kilo 50 za chuma. Chuma kina mahali pa kushika, gunia linalegea na kukimbilia upande usioutaka. Ukiinama juu yake miguu ikiwa imenyooka, ukalivuta kwa mgongo uliopinda na hapohapo ukageuka kulirusha kwenye boda boda, umeziweka pamoja njia zote tatu za kuumia katika mwendo mmoja.

Fanya hivi. Lisimamishe kwanza wima, liegemee paja lako. Simama karibu nalo sana, miguu upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo. Sukuma makalio nyuma, kunja magoti, mgongo unyooke toka shingoni hadi kiunoni. Likumbatie, mkono mmoja chini yake. Vuta pumzi, kaza tumbo kana kwamba mtoto anakuja mbio kukurukia, kisha isukume ardhi kwa miguu mpaka usimame. Toa pumzi ukipita pale pagumu. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Kiuno kibaki kikitazama linakotazama gunia. Mwenye presha ya damu asibane pumzi kabisa, na bora zaidi asiwe mbebaji siku hiyo.

Bora kuliko yote ni kuita mtu. “Nishikie upande ule” ni maneno matatu tu, na sijaona mwanamume aliyepoteza heshima kwa kuyasema.

Ukitaka kweli kuwa mtu wa kubeba gunia la mbolea, jiandae kabla ya lori. Chukua gunia tupu, tia mchanga wa kilo 20, lifunge vizuri, ulinyanyue Jumatano na Jumamosi kwa mtindo huohuo. Mwezi ujao 25, unaofuata 30. Wenye kujiandaa hivi hawana haraka, na siku ya lori wanaonekana.

Maumivu ya misuli baada ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Lakini maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, ganzi, mguu unaolegea, au mkojo usiozuilika, hayo hayasubiri mafuta ya kuchua. Nenda Kapkatet, Longisa, Tenwek, hospitali ya kaunti pale Kericho, popote palipo karibu, siku hiyohiyo.

3. Kikapu cha majani

Sasa tumefika shambani.

Mchunaji husimama kati ya mistari ya michai, meza ya majani ikimfikia kiunoni. Mikono iko mbele. Vidole vinakata majani mawili na kichipukizi, konzi ikijaa inarushwa juu ya bega hadi kikapuni, na vidole vimerudi kazini kabla majani hayajatua. Kiuno kimeinama kidogo, kiasi kwamba anayepita barabarani haoni kuwa ni kazi. Lakini kimeinama hivyo tangu asubuhi, na kikapu kinaongezeka.

Wanaotoka mbali hutuuliza: mtu anayefanya haya siku nzima anahitaji mazoezi ya nini tena? Swali zuri, jibu lake liko kwenye migongo ya wastaafu. Mwaka 2022 Mahakama ya Session mjini Edinburgh, Uskoti, iliruhusu kesi ya pamoja ya mamia ya watu waliochuna chai Kericho, wakidai kwamba kazi hiyo iliwaumiza migongo na viungo. Kampuni iliyoshtakiwa ilikana. Ukiachilia mbali mahakama, ingia nyumba yoyote ya mchunaji wa miaka mingi, utazame anavyoinuka kwenye kiti.

Kazi inachukua nguvu, mazoezi yanaweka. Mazoezi hupandisha uzito kwa mpango, kazi hupandisha kwa kadiri majani yalivyo mengi. Mazoezi hukupa siku ya kupumzika, na misuli hujengeka siku hiyo, wakati umelala. Kazi hukuita kesho yake saa 12 asubuhi. Na mazoezi huugeuza mwili kila upande, ilhali kuchuna kunarudia mwendo uleule mpaka jua lizame.

Tupige hesabu. Kikapu kimefika kilo 12. Mtu ambaye uwezo wake wa juu kabisa ni kilo 24 anatembea na nusu ya nguvu zake zote mgongoni. Mwenzake aliyejijenga mpaka uwezo wa kilo 60 anatembea na sehemu moja ya tano. Kikapu ni kilekile, mstari ni uleule, lakini jioni mmoja anatafuta kitanda na mwingine bado ana nguvu za kumchapa mwanawe kwenye mchezo wa kamba.

Kwa mchunaji, basi, nataka mambo yanayokwenda kinyume na kikapu. Kuvuta mtungi mpaka mbavuni, kwa sababu mikono imekaa mbele mno. Kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga juu, kuhesabu mpaka tatu, kushuka, mara 10. Kuning'inia kwenye tawi imara kwa sekunde 15 au 20, mabega yanyooke. Kufungua na kufunga vidole ndani ya ndoo ya unga au mchanga, kwa ajili ya mikono. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, inatosha.

Na uchague msimu. Mvua ikikolea na majani yakiwa mengi, usijiongezee mzigo. Fanya mepesi tu ya kujinyoosha. Januari na Februari, jua likiwaka na majani kupungua, ndiyo miezi yako ya kupandisha kilo. Wanariadha wakubwa hupanga mwaka wao hivyo. Wewe kalenda yako imepangwa na michai, itumie.

Jambo moja nalisema kwa sauti ya juu. Mazoezi hayamwondolei mwajiri wajibu wake wa kutoa mapumziko, mikanda isiyokata mabega na vipimo vya haki. Mtu asichukue ukurasa huu akamwambie mchunaji aliyeumia kwamba kosa ni lake, hakupiga pushapu.

2. Sahani

Misuli haijengwi kwa maneno. Inataka protini, na wanaonyanyua vyuma wanahitaji zaidi kidogo kuliko wasionyanyua: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60, basi, alenge gramu 72 kuendelea.

Mara naonyeshwa kopo la poda la maelfu ya shilingi. Lirudishe dukani, tuhesabu jikoni. Glasi mbili za maziwa au mursik, maziwa yetu ya kibuyu, gramu 16. Mayai mawili, 12. Bakuli la maharagwe, 15. Ugali wa unga wa gramu 200, karibu 16. Konzi ya omena waliokauka, 14. Jumla 73, na mursik ina ladha ambayo hakuna kopo litakaloipata. Tunawanywesha mabingwa wakishuka kwenye ndege. Tumnyweshe na mama aliyebeba mitungi Jumamosi.

Tugawane chakula vizuri pia. Katika nyumba nyingi yai ni la baba na mtoto wa kiume, na aliyechuna, akachota, akapika analala na ugali na mboga. Mboga ni njema, isageek (mgagani) ni njema sana, lakini misuli yake nayo inadai yai. Mpeni.

Sasa neno gumu, na nalisema nikiwa katikati ya nchi ya chai ambayo imetulisha na kutusomesha. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kwenye maharagwe na mboga. Mwanamke anayepungukiwa na damu huchoka kabla hajaanza raundi ya kwanza. Kunyweni chai, tena nyingi, bonasi ya wakulima ya Oktoba inawategemea ninyi. Ila ipeni nafasi: saa moja kabla ya kula au saa moja baada.

Na lala. Saa saba au nane. Simu ina kitufe chake cha kuzimia.

1. Kigoda

Mzigo mkubwa kuliko yote tisa ni mwili wako mwenyewe, siku utakapokuwa na miaka 80, umeketi kwenye kigoda karibu na moto na unataka kusimama.

Kuanzia umri wa kati misuli hupungua mwaka hadi mwaka isipotumiwa. Hakuna anayeona. Kwanza kogo, yaani bibi, anashika ukuta akiinuka. Halafu anashika meza. Halafu anamwita mjukuu. Halafu anaacha kwenda kanisani kwa sababu benchi ni la chini, na choo cha shimo kinakuwa safari ya kuogofya maana hakina mahali pa kushika. Sisi tunasema ni uzee, tunamletea shuka zito na kumwambia apumzike. Tunamwonea huruma mpaka anaishiwa na miguu.

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha walichofanya na wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8, uzito ukipandishwa kwa mpango. Nguvu za miguu hiyo ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka 90! Kama misuli ya umri huo bado inasikia ikiitwa, yako ya miaka 47 inajifanya kiziwi tu. Shirika la Afya Duniani nalo linawashauri waliofikisha miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki.

Jipime leo. Chukua kiti cha kawaida cha mezani, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, usimame na kuketi kwa sekunde 30, mtu akuhesabie. Kwa kipimo kinachotumiwa na Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 12 yuko chini ya wastani, na mwanamume wa umri huo asiyefikisha 14. Kwa wa miaka 80 hadi 84 ni mara 9 kwa mwanamke na 10 kwa mwanamume. Wewe wa miaka 35 uliyeishia 11 na kuanza kulaumu kiti, kiti hakina kosa.

Kogo, tukuanzishe hivi. Kaa kwenye kiti, miguu chini yote, magoti upana wa nyonga. Mjukuu asimame mbele yako, asikuvute, awepo tu. Inama mbele kidogo mpaka pua ipite magoti, kisha sukuma sakafu usimame. Ukihitaji mkono mezani, weka, hakuna aibu. Kuketi ndiko muhimu zaidi: shuka polepole, hesabu mpaka nne, usijiangushe. Mara 5, pumzika, mara 5 tena. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla ya kuchota chochote.

Wiki chache zikipita, toa mkono mezani. Ukifikisha mara 12 bila kushika kitu, kumbatia pakiti ya unga ya kilo 2 kifuani na uanze tena kutoka 5. Pakiti ikizoeleka, badilisha kiti kwa benchi la chini zaidi, na baadaye ushuke mpaka kigodani. Siku za katikati simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 10 kila upande, kidole kimoja kikigusa ukuta.

Majirani watakuja kutazama, hiyo ni hakika. Waambie waje na vigoda vyao.